Mzee kafutwa kazi, mfumo unasema tumetajirika

Wadau, nikiropokwa mnisamehe. Nimeamkia foleni ya ofisi ya ufadhili wa wanafunzi wa vyuo alfajiri na nimerudi Kariobangi, hapa Nairobi, mikono mitupu.

Mzee wangu ameendesha lori la kampuni moja pale Viwandani miaka 24. Oktoba mwaka jana wakapunguza watu, naye akawa mmoja wao. Mshahara ulikuwa shilingi 46,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukipunguzwa hivyo ulipwe si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliomaliza, kwa hivyo akapewa 552,000, na mwezi mmoja wa notisi juu yake. Pesa ziliingia saa nne asubuhi. Kufikia jioni sacco walikuwa wamekata deni lao, mkopo uliomtibu shosho. Wiki hiyo hiyo tukamaliza karo ya kitinda mimba na malimbikizo ya kodi ya nyumba. Zikaisha. Hata sofa hatukununua.

Sasa mdogo wangu kaitwa chuo. Tukakaa kujaza maombi ya ufadhili wa serikali, ule mfumo unaopanga familia kwa bendi kulingana na mapato, bendi ya 1 ikiwa ya maskini zaidi, na mzee, mtu wa kanisa yule, akakataa katakata tufiche chochote. "Andikeni kilichoingia." Tukaandika: mishahara ya miezi kumi, malipo ya kuachishwa, notisi, jumla 1,058,000. Gawanya kwa 12, weka na 15,000 za mama za kuuza mboga, unapata kama 103,000 kwa mwezi. Bendi ya 4.

Sikizeni ujinga wenyewe. Mzee angekuwa bado kazini, nyumba yetu ingehesabiwa 61,000, yaani bendi ya 3, ambapo familia hutoa asilimia 20 ya gharama ya kozi. Kafutwa, tukapandishwa hadi asilimia 30! Na ukihesabu ya leo, mboga za mama pamoja na vibarua vya mzee havifiki 23,670, mpaka wa bendi ya 2, ambako familia hutoa asilimia 10. Kozi ni 240,000. Badala ya 24,000 tunadaiwa 72,000. Hela ya matumizi ya mwanafunzi nayo imeshuka kutoka 55,000 hadi 45,000.

Tukakata rufaa. Barua ya kuachishwa kazi, taarifa ya benki, barua ya chifu, zote zikapigwa skani pale saiba na kutumwa. Wiki ya tano hii, kila tukiingia tunaambiwa inashughulikiwa. Ndiyo maana leo nikamchukua mzee twende wenyewe.

Karani hakuigusa bahasha yetu ya karatasi. Alitazama kompyuta tu. "Mzee, mfumo unaonyesha mna uwezo."

Mzee akavua kofia. "Mama, hizo pesa zilikuja mara moja tu."

"Hakuna mahali pa kujaza hivyo. Anayefuata."

Nilitaka kupiga kelele, mzee akanishika mkono. Lakini lile jibu limenikwama kooni mpaka sasa. Ukitaka kujua kama nyumba ina maji, unafunua mtungi, huulizi mvua ya mwaka jana ilinyesha kiasi gani. Taarifa ya benki iko pale, ya Novemba mpaka leo, inaonyesha sufuri baada ya sufuri. Kuisoma ni dakika mbili. Na msiniambie eti tungedanganya kama majirani. Najua wenye magari mawili waliojaza bendi ya 1, na barua ya chifu wanayo.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba mfumo huu wenyewe ulianguka Mahakama Kuu Desemba 2024, ukaambiwa unakiuka Katiba. Rufaa ikakatwa, na 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi ule. Kumbe rufaa husikizwa, bora anayelalamika awe serikali.

Ninachouliza: kuna aliyewahi kushushwa bendi baada ya pesa ya mara moja, iwe ya kuachishwa kazi, ploti iliyouzwa au fidia? Ni karatasi gani iliyowafanya wasome? Kuna anayeniambia mzee aende kwa wakili akale kiapo kwamba hana mapato, mwingine anasema tumwombe mwajiri wa zamani barua inayotenganisha mshahara na malipo ya kuachishwa. Kiapo kina gharama, na sitaki kumtoa mzee pesa ya unga kwa kubahatisha.

Usajili unafungwa Ijumaa. Tuna 31,000, na 9,000 kati ya hizo ni za chama cha akiba cha mama.