Tupeane uzoefu: mliojifunza Kihispania kabla ya kufuata muziki ng'ambo, mlianzia wapi?

Mpigatumba wa Kijenge

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga tumba, bendi yetu inapiga mahotelini hapa Arusha kila wikiendi, na siku za kazi niko dukani kwa shemeji nauza spea. Miaka 11 natamka tumba, bongo, rumba, chacha, sijawahi kujiuliza maneno yenyewe tumeyatoa wapi. Mzee wetu wa solo ndiye aliyenikalisha chini. Santuri za Kicuba ziliingia Kongo miaka ya 1930, Wakongo wakazipenda, wakazigeuza za kwao, na baadaye wanamuziki wao wakatuletea sisi.

Basi nimejichanga. Nataka nikae wiki sita Santiago de Cuba, mashariki kule ulikoanzia muziki wao wa son. Imebaki miezi saba na Kihispania changu kinaishia kwenye hola. Nimepakua programu kwenye simu, wiki ya tatu sasa inanifundisha kusema bata wangu anakula mkate. Bata sina.

Aliyepita njia hii aseme alifanya nini na alichemka wapi. Hata kama hukwenda Cuba, tiririka.

Chalii wa Ngaramtoni

Nimeweka kiti. Ila mkuu, tumba nayo inataka lugha? Si unapiga tu?

Guide wa Sakina

Mkuu, mimi nilianza Kihispania kwa ajili ya tumbo, muziki ulikuja baadaye. Julai na Agosti wageni wa Kihispania wanakuwa wengi huku, na guide anayeongea lugha yao hakosi safari.

Mwaka wa kwanza niliupoteza wote, kwa sababu nilikuwa najifunza kupitia Kiingereza. Vitabu vyote na programu zote nilizozipata zinapitia huko, na mimi nikafuata kama kondoo. Siku moja tuko Naabi, geti la Serengeti, wageni wanakula lanchi boksi zao, mimi nimesimama pembeni nafunga turubai. Bibi mmoja ananiuliza, "¿Tienes hambre?" Nikaanza kulipeleka neno kwenye Kiingereza, likagoma. Halafu nikalisikia kwa Kiswahili: una njaa? Neno kwa neno! Tengo hambre, nina njaa. Tengo sed, nina kiu. Tengo prisa, nina haraka. Tengo 30 años, nina miaka 30. Nilimaliza lile ndizi alilonipa bibi huku nacheka peke yangu.

Toka siku hiyo daftari langu lina safu mbili tu, Kihispania na Kiswahili. Irabu ni zetu zilezile tano, hutahangaika. Ile ñ ni "ny" ya nyanya. J itamke kama kh ya "kheri". H usiitamke kabisa. Wahispania wengi wa Hispania wenyewe z yao ni "th" ya thelathini, lakini huko uendako Cuba ni s, kwa hiyo hilo lisikusumbue. Kitenzi kinabeba mtenda ndani yake kama chetu, tofauti ni kwamba sisi tunamweka mbele na wao nyuma: nasema, hablo; unasema, hablas. Na lile jinamizi la ser na estar, vitenzi vyao viwili vya "kuwa", linalowatesa watu? "Mimi ni mpiga tumba", soy. "Niko stendi", "niko poa", estoy. Kuna mahali pachache panakataa, utapajua mbele ya safari.

Baadaye wateja wangu wa Kolombia walinialika Cartagena. Kutoka pale, kama kilomita 50, kuna kijiji kinaitwa San Basilio de Palenque, kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka. Wana lugha yao, Kihispania kilichochanganyika na Kikongo. Mzee ananionyesha ng'ombe barabarani anasema "ngombe". Nikadhani kuna mtu amemfundisha Kiswahili. Wakiwa wengi anasema "ma ngombe". Mtoto ni "moná". Mkuu, nilikaa chini kwenye jiwe. Lakini angalia: nisingekuwa na Kihispania cha kumuuliza yule mzee maswali, ningepiga picha ya ng'ombe nikaondoka.

Mama Rau, Moshi

Chalii, nikujibu wewe kwanza. Mwanangu, kule watu hawakupi karatasi ya nota. Mwalimu anaongea huku anapiga, na usipomwelewa anakuruka anamfundisha mwenzio.

Mimi ni mtu wa kwaya, nilikwenda Sevilla wiki tatu kujifunza makofi ya flamenco, wanaita palmas. Nilijiandaa miezi mitano kwa redio na kwa binti mmoja wa kujitolea aliyekuwa anakaa jirani. Namba nilizijua mpaka mia. Nikajiona nimefika.

Siku ya kwanza naambiwa kwa simu, darasa ni "a las ocho". Ocho ni nane. Saa nane, sawa! Mama nikavaa gauni langu, nikafika saa nane mchana mwezi wa Agosti. Waliofika Sevilla Agosti wanajua. Maduka yamefungwa, barabarani hata paka hayupo, mlango wa darasa una kufuli. Nikakaa kwenye ngazi nikijipepea na kipande cha boksi, nawalaani kimoyomoyo kwamba na hawa nao wana "saa za Kiafrika". Mzee wa baa ya ng'ambo ya barabara akaniletea maji na kiti. Ndipo nikamwonyesha saa yangu, akanyoosha vidole vinane, halafu akaelekeza mkono kwenye jua na kulizamisha. Ocho yao ni saa mbili yetu ya usiku. Namba nilizijua, saa sikuzijua.

Sasa upande wa kazi yenyewe. Usihangaike na bata wala mkate, jifunze maneno ya chumba cha mazoezi. "Otra vez" ni tena. Hilo utalisikia mpaka uliote. "Más despacio", polepole zaidi. "Escucha", sikiliza. "Desde el principio", tokea mwanzo. Soleá, mtindo mmoja wa flamenco, ina mapigo 12, mkazo unaangukia 3, 6, 8, 10 na 12, na wote wanahesabu kwa sauti kwa lugha yao. Ukianza kutafsiri namba kichwani, pigo limeshapita. Mimi nilikuwa nazihesabu nikimenya ndizi za mtori, kisu kikigonga sufuria kwenye mkazo. Mume wangu alidhani nimerukwa na akili.

Chalii wa Ngaramtoni

Shikamoo mama. Nimekaa kimya.

Mzee wa Habana

Nilisoma Cuba miaka mingi iliyopita. Mdogo wangu Mpigatumba, hayo uliyoambiwa ni mazuri ila nakuonya: Wacuba wanameza s. "Los amigos" utasikia kama "loh amigoh". Niliteremka na Kihispania cha kitabuni, mwezi mzima nikawa kama bubu. Sikiliza redio zao kwenye intaneti kuanzia leo, hata kama huelewi kitu, sikio lizoee. Basi la abiria wanaliita guagua. "Asere, ¿qué bolá?" ni kama "oya mshkaji, vipi", usimwambie mzee wa watu.

Maneno mengine unayo tayari, kuna Warabu walikaa Hispania karibu miaka 800 na Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania, walipita pwani yetu. Azúcar, sukari. Aceituna, zeituni. Mesa, meza. Bandera, bendera. Hasta mañana ni "hata kesho", vile babu zetu walivyosema wakimaanisha mpaka kesho.

Ukifika Santiago nenda Casa de la Trova, mtaa wa Heredia. Muulize mpiga tres, lile gitaa la Kicuba, akuonyeshe nyuzi zake, zimepangwa jozi tatu. Na omba kuiona marímbula: ni sanduku lenye ndimi za chuma, mpigaji analikalia, ndilo lilikuwa besi yao zamani. Aliyewahi kuona ilimba ya Wagogo haambiwi ndugu yake ni nani.

Beba kadi yako ya njano ya chanjo, na powerbank. Umeme kule unakatika sana, usiache masomo yote kwenye simu. Daftari halizimi.

Mpigatumba wa Kijenge

Shikamoo mzee, shikamoo mama. Programu ya bata nimeifuta. Leo dukani nimeandika safu mbili kama alivyosema Guide, mteja wa kwanza alikuja kutafuta plagi nikamwambia tengo prisa, akaniangalia tu.

Guide, Jumamosi nina nafasi, nikununulie chai unisikilize matamshi? Saa nane, Mnara wa Saa. Nane yetu, siyo ya Mama Rau.