Mitamba wa kujaza zizi: nibakize wangu, ninunue ranchi, au nichukue wenye mimba?

MfugajiHandeni
Wakuu, heshima kwenu. Nafuga ng'ombe wa nyama huku Handeni, Boran chotara, majike 42. Mwaka huu nawatoa 7: wawili meno yamekwisha, watatu wamepita mwaka mzima bila kushika mimba, wawili chiwele kimeharibika. Nataka mitamba 7, yaani majike wachanga ambao hawajazaa, wa kushika nafasi zao kabla sijaachia dume Februari. Njia ziko tatu.

Kwanza, nibakize wangu. Ninao 14, wengi wamezaliwa Novemba na Desemba mwaka juzi, wachache Machi iliyofuata.

Pili, ninunue Boran safi ambao hawajapandwa, kutoka ranchi moja upande wa Dodoma. Nimetajiwa milioni 1.6 kwa kichwa, usafiri juu yangu.

Tatu, kuna mtu anauza mitamba wenye mimba ya miezi 5. Hao ndama wao nawaona mapema.

Moyo wangu uko kwenye ya pili. Wale ni wakubwa, wamejengeka, ukiwaona unasimama. Nichambulieni kabla sijatoa hela.

MamaKijungu
Mwanangu, umbo lisikuharakishe. Sisi Kiteto mtamba hatuanzi kumtazama yeye, tunaanza na mama yake. Nilikuwa na jike mwekundu, chuchu nene kama gunzi la hindi. Kila akizaa, ndama anazunguka, ananusa, mdomo haushiki. Ikabidi tumkamue kwanza zinywee, ndipo mtoto apate dang'a, yale maziwa ya kwanza. Binti yake nikambakiza kwa uzuri wa mgongo. Alipozaa mara ya pili, chuchu zikawa zilezile za mama, na usiku huo hapakuwa na mtu zizini. Ndama alikufa asubuhi.

Kwa hiyo wale 14 waweke mbele yako mmoja mmoja, ujiulize: mama yake anazaa kila mwaka? Anazaa mwenyewe bila kuvutwa? Anamkubali mtoto? Kiangazi anabaki na mwili? Hao wa ranchi, mama zao utawaonea wapi?

Olkeri_Kajiado
Naunga mkono mama. Niongeze kuhusu ukubwa. Ukame wa 2009 ulipotupiga huku, walioanza kulala chini hawakuwa wale wadogo. Walikuwa majike wangu wakubwa kuliko wote, niliowanunua kwa kujivunia. Mwili mkubwa unadai nyasi nyingi kila siku, na nyasi zikikosekana jike harudi kwenye joto, yaani hatamani dume. Mtamba wa wastani, mwenye tumbo pana na mbavu zilizofunguka, ndiye anayedumu. Mrefu wa miguu, mwembamba wa tumbo, mwache aende mnadani.

DktMifugo_Moro
Nitaanza na njia ya tatu maana ndiyo inayonitia wasiwasi. Mtamba mwenye mimba unanunua vitu viwili usivyovijua: dume aliyempanda, na ugonjwa wa kutupa mimba. Bila kipimo cha damu cha brusela usimwingize zizini, hata akiwa mzuri vipi. Akitupa mimba malishoni, kondo na maji yake yanaambukiza wenzake, na wewe unayemshika pia. Tena kama alipandwa na dume la mbari kubwa, nyonga yake ya uzao wa kwanza inaweza isitoshe.

Njia ya pili: Handeni ina kupe na mbung'o. Ng'ombe aliyekulia kwenye josho la uhakika sehemu ya ukame, ukimleta huko bila chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, unaweza kumzika ndani ya mwezi. Uliza chanjo, angalia hereni ya chanjo sikioni, usipokee maneno matupu.

Ya kwanza: wapime. Mtamba apandwe akifika asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa jike mzima wa zizi lako. Majike wako wana kilo ngapi?

MfugajiHandeni
Daktari, shukrani. Nikikadiria kwa utepe wa kifua, ni kama 380.

DktMifugo_Moro
Basi unatafuta kilo kama 230 hadi 247. Aliye chini sana akishika mimba, utamlipia wakati wa kuzaa na tena wakati wa kurudi kwenye joto, maana yeye mwenyewe bado anakua huku ananyonyesha.

Sokoine_Road
Wale wa Machi usiwape nafasi, mkuu. Siyo kwamba ni wabaya. Mama zao walichelewa kushika mimba, na tabia hiyo hutaki kuizidisha. Wa Novemba mama zao walishika mapema.

Halafu, kuna pacha kati yao? Mtamba aliyezaliwa tumbo moja na dume, zaidi ya 9 kati ya 10 ni tasa. Huyo mnenepeshe uuze.

MfugajiHandeni
Yupo mmoja pacha wa dume! Na ndiye aliyekuwa ananivutia, ana misuli kuliko wote. Nashukuru sana.

Kijana_wa_Mzeri
Samahani wakubwa, naona swali halijaulizwa. Dume lako lina muda gani hapo?

MfugajiHandeni
Lilikuja 2020.

Kijana_wa_Mzeri
Basi hao 14 ni binti zake. Februari ukiliachia, baba anapanda watoto wake.

MfugajiHandeni
Nimesimama hapa na simu mkononi. Kweli kabisa, sikuwaza.

Olkeri_Kajiado
Hii isikukimbize kwenye mitamba ya ranchi. Hela ya mitamba 7 ni milioni 11.2 kabla ya lori. Hela hiyo ielekeze kwenye dume moja zuri, ambalo mama yake ana chiwele kizuri na ndama zake huzaliwa wepesi. Lipime brusela na uwezo wa kupanda, mitamba wakae nalo peke yao. La zamani libaki na majike wakubwa, lakini hakikisha hakuna binti yake katikati yao.

DktMifugo_Moro
Nakubali. Na usichague 7 kwa macho. Weka 11 au 12 kwa dume jipya kwa siku 45 tu, wiki tatu kabla ya majike. Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi, kwa hiyo ili azae kila mwaka ana siku kama 80 tu za kujirudi na kushika tena. Uzao wa kwanza anahitaji hizo wiki tatu za ziada. Dume likitoka, subiri siku 60, niite au mwite aliye karibu apime kwa mkono. Wenye mimba, bakiza 7. Watupu uza wakiwa bado nyama laini.

MamaKijungu
Na katika hao wenye mimba, ukali uangalie. Anayevunja uzio leo, binti yake atavunja pia.

MfugajiHandeni
Jioni hii nimepima kwa utepe. Nimemtoa pacha, nimetoa watatu wa Machi, wamebaki 10. Tisa wako kati ya 231 na 252. Nambari 31 ana 219, lakini mama yake ndiye bora zizini, ndama saba katika miaka saba. Nimtoe?

DktMifugo_Moro
Usimtoe. Mpe pumba na mashudu ya alizeti kuanzia leo, mpime tena mwisho wa Januari. Akifika 230 aingie na wenzake. Asipofika, asubiri mwaka ujao, mama wa namna hiyo anastahili kusubiriwa.

Kijana_wa_Mzeri
Mkuu, kuna dume la Boran la miaka mitatu kwa mjomba wangu, na mama yake bado yuko hai anazaa. Njoo Jumamosi uwaone wote wawili.