Pogonocichla stellata Amani: picha zote giza na chengachenga, nakosea wapi?

Mleta mada: Wakuu, namtafuta Pogonocichla stellata, yule ndege mdogo mwenye kichwa cha kijivu na tumbo la njano, kwenye njia za msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Lenzi ni 100-400, mwisho wa zumu inafungua f/5.6. Kwa shata ya 1/1000 ya sekunde, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) inapanda hadi 12800. Fokasi inanasa majani, na vile vidoti vyake vyeupe sivioni. Nimwite kwa sauti yake kwenye simu?

Kivulini: 1/1000 ni ya ndege anayeruka. Huyu hushuka chini, huokota mdudu, kisha hutua kijitini na kutulia sekunde kadhaa. Bonyeza hapo. Weka 1/200, washa kizuia-mtikisiko, egemeza lenzi kwenye monopodi (mguu mmoja wa kushikilia kamera), piga fremu tano mfululizo. Moja itatoka safi. ISO itashuka hadi 2500 hivi. Usiishushe zaidi ukitegemea kung'arisha kwenye kompyuta, maana chengachenga zitarudi zilezile kwenye vivuli. Fokasi nukta moja, kwenye jicho. Ukiiachia kamera ichague, itachagua jani lililo karibu.

Mpanda Usambara: Badala ya kumfukuza ndege, tafuta siafu. Wakitawanyika kuwinda, wadudu hukurupuka, naye huwasubiri kwenye vijiti vya chini. Kaa mita tano au sita kutoka ukingo wa siafu, suruali ndani ya soksi, na uangalie miguuni kila mara kwa sababu safu hugeuka bila taarifa. Kagua ardhi kwanza, ndipo upige goti: ukipiga ukiwa umesimama utaambulia mgongo wa kijani.
Vidoti viko mbele ya macho na kooni. Manyoya huvifunika mpaka asisimke, mfano akigombana na mwenzake.

Kivulini: Ndiyo maana watu humpigia sauti. Achana nayo, mkuu, hasa msimu wa kutaga. Kiota chake kiko ardhini, kina paa, kimejificha kwenye majani makavu. Ukimfuata nje ya njia unaweza kukikanyaga.
Na ukipata mwenye madoa ya dhahabu mwili mzima, usimfute. Ni kinda wake.

Mleta mada: Flashi je?

Mpanda Usambara: Majani yenye maji yatang'aa kuliko ndege. Subiri ukungu uinuke.