Mjadala: Tuliosoma chuo kikuu, tukichangie kila mwaka?

Mwanzisha mada, Ngara

Kwenye kikundi chetu cha waliomaliza chuo pamoja limeletwa pendekezo: kila mmoja atoe Sh1,200 kwa mwaka kwa chuo tulichosomea, na marafiki wa chuo waalikwe pia, hata kama hawakusoma pale. Kikundi kimegawanyika, wengine wamejitoa bila kuaga. Mimi niko upande wa kuchanga, ila kwa sharti moja: pesa isipitie akaunti kuu ya chuo.

Hesabu kwanza. Sh1,200 ni mia moja kwa mwezi, nauli ya matatu ya kwenda na kurudi tauni siku ambayo mvua haijanyesha. Wakijitokeza watu 10,000, hiyo ni Sh12 milioni. Mwanafunzi mwenye salio la Sh30,000 huweza kuzuiwa kuingia mtihani, au akamaliza masomo na cheti kikabaki chuoni. Milioni hizo zinawakwamua wanafunzi 400.

Kwangu uzito uko kwenye hayo maneno "kila mwaka". Harambee tunaijua: mtu kafiwa, kalazwa, kapata nafasi ya kusoma ng'ambo, namba ya paybill inazunguka, tunachanga, tunasahau. Karo haisahau, inarudi kila muhula. Huwezi kumwahidi kijana miaka 4 ya masomo kwa pesa ya jioni moja.

Kuna aliyesema huu ni uzungu. Kweli, Yale kule Marekani walianzisha mfuko wa wahitimu wa kila mwaka mnamo 1890, na hadi leo, ukichukua vyuo vyote vya huko kwa jumla, wanaotoa hawafiki asilimia 10 ya wahitimu. Wanaombwa mwaka baada ya mwaka, basi. Lakini angalieni hapa kwetu Kenya. Baada ya Gandhi kuuawa 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walichanga pesa za kujenga chuo cha kumkumbuka. Mchango huo ukaunganishwa na mpango wa serikali ya kikoloni, na chuo cha ufundi kilichofunguliwa 1956 ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Miaka hiyo ya 1970 wananchi walichangia vyuo vya ufundi mikoani, na kile cha Kimathi kule Nyeri sasa ni chuo kikuu.

Jamaa wa Umoja

Ndugu, historia nzuri, lakini mimi sitoi. Chuo nilichosoma (sikitaji) kilipoteza alama zangu za somo moja mwaka wa 3. Nilitoka kwa mhadhiri nikaenda kwa karani wa idara, karani akanituma kwa mkuu wa kitivo, naye akaniambia nilete ushahidi kwamba nilikalia mtihani. Ushahidi! Karatasi niliwaachia wao. Aliyeshindwa kutunza alama 68 ndiye atunze elfu yangu?

Halafu tazameni payslip. PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5, kisha HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Hiyo HELB ukichelewa ni faini ya Sh5,000 kwa mwezi. Mnaniomba nikipe zawadi chuo ambacho bado nakilipia.

Mzee wa Buruburu

Vijana, kijana wa Umoja ana haki ya kukasirika, ila hasira aielekeze kwetu. Sisi tulioingia chuoni kabla ya 1991 tulipewa chumba, tukala mezani bila kutoa senti, na bumu juu, yaani posho ya mfukoni. Wapo waliopeleka bumu nyumbani wakasomesha wadogo zao, na wapo walioimaliza River Road wikendi ya kwanza. Ilikuwa mkopo kwa jina, tangu 1974, na wengi hawakurudisha hadi HELB ilipoundwa 1995 ikaanza kuwatafuta. Leo ndio wenye nyumba za kupangisha. Anzeni kuwaomba hao kabla ya mtoto anayeishi bedsitter.

Mhasibu wa South B

Mzee, asante. Niongeze la kikazi. Vyuo vingi vya umma vina madeni ya mabilioni, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ziko wazi kwa yeyote wa kuzisoma. Pesa ikiingia akaunti kuu ya chuo cha namna hiyo, italipa mishahara iliyochelewa, au mdai atakwenda mahakamani na akaunti ishikwe pamoja na mia zenu. Kwa hiyo sharti la mwanzisha mada naliunga mkono: udhamini uliosajiliwa kando, wenye wadhamini wake na mkaguzi wake.

Pia amueni mapema: ni pesa ya kutumika mwaka huuhuu, au mfuko wa kudumu ambao mtaji unakaa kwenye hati fungani na faida tu ndiyo inayolipa karo? Mkichanganya, mtakula mtaji.

Komredi, mwaka wa 3

Habari zenu wakubwa. Mfumo wa ufadhili wa 2023, ule ambao Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, ulitupanga kwa bendi, yaani madaraja ya msaada, kulingana na hali ya familia. Rafiki yangu alijaza fomu babake akiwa na kazi. Kazi ikaisha, bendi ikabaki. Sasa hivi anakula mara moja kwa siku, chapo na maharagwe, saa tisa, ili imfikishe asubuhi. Tafadhali msitujengee lango lenye majina yenu.

Mwanzisha mada, Ngara

Komredi, lango halipo kwenye mpango.

Ndugu wa Umoja, HELB ni deni. Ukililipa linamfikia anayefuata, na hakuna anayekuomba maoni. Mchango wa kila mwaka ni wako kuuzuia. Ikifika Januari hujaona orodha ya walioondolewa salio, bila majina yao lakini kwa kiasi na kitivo, hutoi, na wenzako hawatoi, na mtu ofisini atalazimika kueleza. Aliyetoa milioni moja kwa mkupuo keshapigwa picha na hana tena cha kuzuia.

Kuhusu hoja ya mzee sina jibu zuri. Kikundi chetu ni cha waliomaliza baada ya 2010, na hao wenye nyumba za kupangisha sina namba zao.

Jamaa wa Umoja

Mzee wa Buruburu anazo. Atoe yeye kwanza, hapa hapa, tuone.