Majirani wa Kiti, Nakuru: Ijumaa, 13 Septemba 2024

Baba Njeri: Wajamaika wa kile kikosi cha kupambana na magenge Haiti walitua Port-au-Prince jana. Watu 24! Si waliahidi 200? Na Belize imeleta wawili. Hao nao wamekuja kushika bendera?

Mweka Hazina: Baba Njeri, wewe uliahidi elfu mbili za geti ukaleta mia tatu. Waache Wajamaika.

Mama Kevo: 😂😂😂

Sajini Mstaafu: Msidharau. 20 ni wanajeshi, 4 polisi. Waziri Mkuu wao, Holness, alisema wanaanza na uongozi, mipango na ugavi. Kanali wao, Kevron Henry, ndiye naibu wa Otunge wetu, kamanda wa kikosi. Mimi nimekaa kambini Lanet. Mtu wa stoo akizubaa, kikosi kizima kinalala njaa.

Baba Njeri: Sawa afande. Lakini mbona wao wanatuma jeshi na sisi tukatuma polisi?

Mwalimu Chebet: Na hao polisi mahakama iliwazuia Januari. Jaji Mwita alisema Baraza la Usalama wa Taifa laweza kutuma jeshi nje, ila polisi hapana, mpaka kuwe na makubaliano na nchi husika. Ndipo mkataba ukatiwa saini Machi.

Mwalimu Chebet: Halafu Jamaika haijafika hata watu milioni tatu, na Haiti iko hapo tu, ng'ambo ya maji. Bangi inavuka kwa mashua, bunduki zinarudi na mashua hizo hizo. Wao wanalinda kwao. Sisi tuliotoka huku ndio bado twangoja kuelezwa.

Mama Brayo: Nyinyi hesabuni tu. Kijana wangu alitua huko 25 Juni, siku ile vijana waliingia Bunge. Sijui nilikuwa naogopea wapi zaidi. Mpaka leo Wakenya huko ni karibu 400, na kikosi kilitakiwa kiwe 2,500. Hao 24 mimi nawashukuru.

Mama Kevo: Pole mama. Amepiga simu?

Mama Brayo: Jana usiku. Anasema raia wanaongea Krioli, hata kuuliza njia ni mpaka mkalimani. Sasa angalau kuna hao Wajamaika wanaojua Kiingereza, ingawa akiwasikia wakiongea wao kwa wao haambulii kitu 😄

Baba Njeri: Na wengine walioahidi? Bahamas, Barbados, Benin, Chad, Bangladesh?

Mama Brayo: Hilo ndilo aliloniuliza. Kambi Wamarekani wamejenga, anasema vitanda vipo, watu ndio hawaji.