Niipeleke kwenye mashindano picha niliyorithishwa na mwalimu wangu, au ile niliyoibuni mwenyewe?

Binti Mtoni:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, muda umenibana.

Mimi ni mchoraji, naishi Mtoni kwa Azizi Ally, Dar es Salaam. Nimekaa miaka sita chini ya mzee mmoja mchoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa wanyama wenye rangi kali, amefariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa anachora mistari kwa chaki kwenye hadibodi, mimi najaza rangi na vidoti. Baadaye akaniachia nichore mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

Sasa kuna jumba la sanaa la jamii limetangaza maonyesho pamoja na mashindano. Majaji ni watatu. Wanachuja kwanza kwa picha za simu, zitakazopita ndiyo unapeleka kazi yenyewe. Kila mtu kazi moja tu ya kushindanishwa. Kwenye fomu kuna mahali pa kusaini: "Nathibitisha kuwa kazi hii ni ubunifu wangu mwenyewe."

Hapo ndipo nimekwama. Kazi yangu nzuri kuliko zote ni hondohondo watatu juu ya mbuyu, futi mbili kwa mbili. Kila doti nimeipiga mimi, ila mpangilio ule ni wa mwalimu, wanafunzi wake wote tunauchora. Nyingine nimeibuni mwenyewe: mama yangu akipara samaki soko la Feri, magamba yamemganda mkono mzima hadi kwenye kiwiko. Hiyo nimechora kwenye amerikani. Wenzangu wanasema bado haijaiva. Nipeleke ipi?

Kijana wa Keko:
Hondohondo. Mkono ni wako, rangi umenunua wewe. Saini upeleke.

Mtundikaji:
Dada, pole kwa msiba wa mwalimu.

Nimefanya kazi ya kutundika picha kwenye maonyesho miaka kadhaa hapa mjini, na nimekaa chumba kimoja na majaji wakichuja. Picha inapita mbele yao sekunde chache tu. Hondohondo juu ya mbuyu wameshawaona kwenye maduka ya sanaa Mwenge, wameshawaona Oysterbay, wameshawaona kwenye trei na sinia. Hata kama wako wamechorwa vizuri kuliko wote, jaji hana namna ya kujua wewe ni nani ndani ya picha ile. Mkono wenye magamba hawajauona popote. Hapo watasimama.

Na ile saini ni kitu kizito. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi mtindo, kwa hiyo kuchora Tingatinga ni ruksa kwa kila mtu. Ila mpangilio wa picha fulani ni kazi ya aliyeubuni, na haki yake inabaki kwa warithi miaka 50 baada ya kifo chake. Usiisaini kwa hondohondo.

Mjukuu wa Tunduru:
Mtundikaji, kwenye sheria nakubali, ila tusiwadharau wanaorithishana. Mzee Edward Saidi Tingatinga alichora miaka michache tu, akafariki 1972. Kama ndugu na vijana aliowafundisha wasingerudia wanyama wake, leo tusingekuwa na mtindo wenye jina lake. Kwetu kumrudia mwalimu ni kumheshimu. Siyo wizi.

Mtundikaji:
Ni kweli mkuu, na sijadharau. Ndiyo maana nilitaka kumwambia dada hivi: mashindano na maonyesho ni vitu viwili. Mara nyingi jumba linapokea pia kazi za kuonyeshwa tu, zisizoshindanishwa. Awapigie aulize. Hondohondo waingie huko, na kwenye kibandiko, jina la mwalimu liandikwe kuwa ndiye aliyebuni, la dada kuwa ndiye aliyechora. Ila kwanza aombe ruhusa kwa familia.

Bibi Upanga:
Mwanangu, piga picha vizuri, kazi nyingi zinafia kwenye simu. Toa nje asubuhi, mahali penye kivuli, isimamishe wima ukutani. Simu iwe sawa na katikati ya picha, usiiinamishe. Usiwashe taa ya simu. Kata sakafu na ukuta, ibaki picha peke yake. Na usiipake urembo wa programu za simu. Kazi ikifika haifanani, wataitoa.

Fundi Fremu:
Nyongeza. Amerikani kwa unyevunyevu wetu huu hulegea, ikaze upya kabla hujaipeleka. Nyuma funga pete mbili, theluthi moja kutoka juu, upitishe waya. Kamba ya katani hapana, nimeona picha ikianguka usiku na kuchanika.

Bei nayo: uliza wanakata asilimia ngapi. Wakikata 30 na wewe unataka 210,000 mkononi, andika 300,000. Na usimuuzie mtu pembeni kabla maonyesho hayajaisha.

Binti Mtoni:
Asanteni sana, nimesoma yote.

Jana nilikwenda kwa mke wa marehemu. Nilimweleza, akanyamaza kidogo, halafu akaingia ndani akatoka na kopo la chaki za mzee, bado lina vipande vitatu. Amesema hondohondo waende, jina la mzee litangulie langu. Jumba nimewapigia, wamekubali kuwapokea kwenye maonyesho, nje ya mashindano.

Kwenye mashindano anaingia mama. Nimempiga picha leo saa moja asubuhi uani, nimemwegemeza ukuta wa choo kwa sababu ndiko kwenye kivuli. Magamba yanahesabika moja moja. Mama mwenyewe alikuwa anaondoka kwenda Feri, akasimama na ndoo yake akatazama, akaniuliza mbona sikumchora na kilemba chake kipya.

Fomu nimesaini, nimeshatuma. Majibu yakitoka nitarudi hapa hapa kuwaambia.