Naomba ushauri: mama hakulipwa msaada wa mafuriko

Ndugu zangu, ninaishi Kisauni, Mombasa, lakini mama yangu analima mahindi na ndizi kando ya Mto Tana, karibu na Garsen, ambako mafuriko ya masika ya mwaka 2024 yalizoa shamba lote pamoja na mbegu alizokuwa ameziweka akiba. Maji yalipopungua, waathiriwa waliandikishwa ili wapate msaada wa serikali, naye akatoa kitambulisho na namba ya simu mbele ya mzee wa kijiji. Majirani wamelipwa, yeye hajapata hata shilingi, na kila akiuliza huambiwa jina lake halimo katika orodha. Inaniuma sana, kwa kuwa ametusomesha sote kwa jembe.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, kwa hiyo nakusudia kuiomba orodha hiyo kwa maandishi. Je, barua niielekeze kwa serikali ya kaunti, au kwa kamishna wa kaunti, ambaye yuko chini ya serikali kuu? Na kwa kuwa shamba halina hatimiliki, je, barua ya chifu pamoja na picha tulizopiga zitatosha kuwa ushahidi? Aliyewahi kufuatilia malipo ya namna hii, tafadhali anielekeze.